Fishi mbili za mtu mmoja: tuamini ipi?

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mavumbi, kofia na viatu vya kazi. Leo tuzungumze juu ya hatari isiyo na kelele wala moshi: fishi ya matibabu iliyoandikwa mara mbili.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, katika dispanseri moja mbali na hapa, alikuja mtu mwenye kidonda kibaya mguuni. Nikafungua tablo ya kompyuta, nikatafuta jina lake, nikaona mstari wake. Haukuonyesha dawa yoyote inayomdhuru. Nikatayarisha sindano ya penisilini. Yeye mwenyewe akanishika mkono: «Dokta, dawa hiyo ilinivimbisha uso mwaka jana, na waliandika.» Ilikuwa kweli. Iliandikwa katika mstari mwingine, chini sana, ambako jina lake lilianza na lile la ubatizo. Mimi nilikuwa nimesoma fishi ya zamani. Je, kama angeletwa amezimia, nani angesema?

Kwa nini mtu mmoja awe na fishi mbili?

Sababu ya kwanza ni majina. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwataka watu waache majina ya Kikristo na kutumia majina ya mababu. Mwaka 1990 majina ya ubatizo yakaruhusiwa tena. Ndiyo maana wazee wengi wana karatasi za namna mbili. Hata leo karani mmoja huanza na jina la ukoo, mwingine huanza na lile la ubatizo. Mahali pa kuzaliwa pia pamebadilishwa majina: Jadotville na Likasi ni mji mmoja, na hapa kwetu Mutoshi wazee bado wanakumbuka jina la Ruwe. Jimbo letu liliitwa Shaba mpaka 1997, kisha Katanga, na tangu 2015 ni Lualaba. Kompyuta haijui historia hiyo. Kwake yeye, herufi zikitofautiana, ni watu wawili.

Sababu ya pili ni matrikule. Mtu akimaliza kontra na kuajiriwa tena, anaweza kupewa matrikule mpya, na fishi mpya inafunguliwa.

Makro ni nini?

Makro ni amri zilizoandikwa mara moja ndani ya tablo ya kompyuta, ili zifanyike zenyewe kila tunapozihitaji. Katika Excel, tangu 1993, amri hizo huandikwa kwa lugha ya Visual Basic. Fikiri juu ya kapita anayeita watu asubuhi: anasoma mstari kwa mstari, hachoki, haruki mtu. Makro yetu inafanya hivi:

1. Inapanga mistari yote kwa matrikule. Na kwa kila matrikule, tarehe mpya inakaa juu.

2. Inaanza juu na kushuka. Kila mstari inaulinganisha na ule ulio juu yake. Kama matrikule ni ile ile na tarehe ni ya nyuma, inaupaka rangi ya manjano na kuandika pembeni: «YA ZAMANI».

3. Kama matrikule na tarehe ni sawa, inapaka rangi nyekundu: hapo mtu lazima aangalie.

4. Inapanga tena kwa tarehe ya kuzaliwa. Watu wenye tarehe moja lakini matrikule tofauti inawapaka rangi ya buluu. Pengine ni mtu mmoja mwenye kontra mbili, pengine ni watu wawili kabisa. Tunamwita mwenyewe na kumwuliza.

Mitego inayotungoja

Kwanza, sifuri. Ukiandika 00452 bila kuiambia kompyuta kwamba ni maandishi, inabaki 452. Mwenzako akiandika 00452 kama maandishi, makro itaona matrikule mbili.

Pili, tarehe. Kompyuta iliyopangwa Kiingereza cha Marekani husoma 03/07 kuwa tarehe 7 mwezi wa 3. Sisi tunasema tarehe 3 mwezi wa 7. Hapo fishi ya zamani inaweza kupanda juu na kuonekana mpya.

Tatu, kazi ya makro hairudishwi nyuma kwa kile kitufe cha kufuta kosa. Kwa hiyo tunafanya nakala ya tablo kwanza, kila mara.

Nne, makro haiwezi kuona kile kisichoingia. Mwaka 2020 huko Uingereza, majibu karibu 16,000 ya watu wenye Kovidi yalichelewa kufika kwa waliotafuta wale waliokutana nao, kwa sababu faili la namna ya zamani la Excel lina mwisho: mistari 65,536. Yaliyozidi yaliachwa nje.

Ya zamani si takataka

Sasa nisikilizeni vizuri. Makro yetu inapaka rangi tu. Haifuti, wala hatutaiagiza ifute. Iko sababu mbili.

Fishi mpya inaweza kuwa na upungufu. Pengine karani wa mwaka huu hakuandika dawa inayomdhuru mtu, lakini ile ya zamani inaitaja. Basi kabla ya kufunga fishi ya manjano, tunahamisha kutoka humo dawa zinazomdhuru, sindano za pepopunda, na magonjwa ya kudumu.

Na kuna mapafu. Mavumbi ya mawe yenye silika huleta silikosi pole pole. Mara nyingi inaonekana baada ya miaka 10 au zaidi, hata mtu akiwa amekwisha kuacha mgodi. Munganga anapotaka kujua kama doa la kifua ni jipya, analinganisha radio ya leo na ile ya zamani. Na mtu akidai haki yake ya ugonjwa wa kazi, fishi ile ya zamani ndiyo shahidi wake. Ukiifuta umemnyima shahidi.

Kwa hiyo sheria ni hii: fishi mpya ituongoze katika matibabu ya leo, fishi ya zamani ihifadhiwe kando, na alama yake.

Kazi yako, ndugu

Ukija dispanseri, taja matrikule yako, na ile ya kontra ya zamani kama ulikuwa nayo. Taja majina yako yote matatu. Sema dawa inayokudhuru, hata kama umekwisha kuisema mara kumi. Na ukiulizwa tena tarehe ya kuzaliwa, usikasirike: ni ile rangi ya buluu inayokutafuta.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya yako ni mali yako ya kwanza. Utusaidie kutunza daftari lake.