Gari Linachemsha Kila Mwezi? Anza na SMS Zako za Malipo

Ukipanda kutoka Kipkelion kuelekea Londiani na mzigo, macho hayatoki kwenye geji ya joto. Leo ni mfuniko wa rejeta, mwezi ujao pampu ya maji, halafu gasketi. Pesa inatoka kidogo kidogo na gari bado linachemsha. Inaudhi, tunaelewa.

Huku juu maji huchemka mapema. Kwenye mita 2,000 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Mfuniko wa rejeta hushikilia presha ili yasichemke haraka. Ukilegea, mlima unakushinda. Nayo maji matupu bila kulanti huleta kutu inayoziba rejeta. Kwa hivyo kabla ya kununua spea, mwambie fundi apime presha kwanza.

Simu yako itakusaidia hivi:

• Spea lipia mwenyewe kwenye till ya duka. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo.

• Ufundi lipa kwa awamu: kiasi kabla ya kazi, salio baada ya kujaribu gari mlimani.

• Usifute SMS. Andika kando kila malipo yalikuwa ya nini, kisha omba taarifa ya miezi 6 ujumlishe. Ukiona pampu imelipiwa mara mbili, una ushahidi wa kurudi nao dukani.

Na likichemka njiani, zima, subiri lipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko. Salio la kumpigia fundi ni nafuu kuliko kuungua.