Ankara kwa jina la mwenye nyumba, deni kwa mpangaji

Mama lishe aliyepanga fremu Dar es Salaam, mwenye nyumba akiwa mkoani, anaweza kukatiwa maji kwa deni asilolijua. Ankara ina jina la mwenye nyumba, ujumbe huingia kwenye simu ya huyo huyo, ndoo tupu zinabaki kwa mpangaji. Dalali naye akishapata chake hapokei simu.

Umeme wa LUKU una nafuu, kwani hulipiwa kabla. Lakini tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo, ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Tunza risiti, mkubaliane kwa maandishi ipunguzwe kwenye pango. Na kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, chukua namba ya akaunti ya maji ukaulizie deni.