Hesabu za Serengeti Zifanywe Nchini

Kijiji cha Robanda, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kinapakana na mojawapo ya hazina kubwa za dunia. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka hifadhi ile, na baadhi ya makundi hayo hupita karibu kabisa na mashamba ya Waikoma. Tembo nao huja usiku, wakala mtama na mahindi ya mkulima aliyevuja jasho msimu mzima. Mwananchi wa Robanda anapouliza tembo watapita wapi mwezi ujao, anauliza swali la kitaalamu. Jibu lake linahitaji hesabu nyingi mno, ambazo mtu mwenye kalamu na karatasi hawezi kuzimaliza. Leo tunapenda kuzungumzia mashine za kufanyia hesabu hizo, na mahali zinapopasa kuwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega kamera 225 ndani ya Hifadhi ya Serengeti, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo hujiwasha zenyewe kila mnyama apitapo. Picha zilizopatikana zilikuwa nyingi hata zikahitajika nguvu za watu wa kujitolea zaidi ya 28,000, waliokaa majumbani mwao sehemu mbalimbali za dunia wakitaja mnyama mmoja mmoja. Kisha mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wyoming na wenzao walitangaza kwamba wameifundisha kompyuta kuzitambua picha milioni 3.2 za Serengeti. Kompyuta hiyo iliweza kuzishughulikia picha 99.3 katika kila 100 kwa usahihi ule ule wa binadamu, na ikaokoa kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka zaidi ya minane.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wageni. Walifanya kazi njema, na matokeo yake waliyaweka wazi mbele ya walimwengu. Lakini wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwenye mashine ndiye anayechagua swali la kuiuliza. Mtaalamu wa Wyoming atauliza kompyuta inawezaje kumtofautisha pundamilia na nyumbu; swali la shamba la Robanda si juu yake kuliuliza. Ni juu yetu sisi na vyuo vyetu.

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakasema kwamba mambo ya tembo ni ya bara. La hasha. Katiba imeuweka utafiti, pamoja na elimu ya juu, miongoni mwa mambo ya Muungano. Fauka ya hayo, bahari nayo ina hesabu zake. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu mwaka 1978. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani, ambaye zao lake hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, anahitaji kuelezwa mapema mwenendo wa mikondo na joto la bahari. Kuukadiria mwenendo huo ni kazi ya mashine ile ile ya kuhesabia nyendo za tembo.

Visiwani, zaidi ya mahali pengine popote, hapana haja ya kufundishwa maana ya kutegemea waya mmoja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na baina ya Desemba 2009 na Machi 2010 ikakaa miezi mitatu. Ndipo mwaka 2013 ulipoanza kutumika waya mpya wa megawati 100 chini ya bahari. Elimu ya taifa haifai kuachwa katika hali kama ile, tukisubiri ng'ambo watuwashie taa.

Lakini tutahadhari na haraka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya fedha nyingi za kigeni kupotea katika kazi ya hesabu za Serikali ambayo haikufaulu. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, ila fundisho lake lingalipo: mashine ilitangulia, wataalamu wakafuata nyuma.

Baadaye tukapata misaada. India iliipatia Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kompyuta kuu ya aina ya PARAM. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Texas kiliistaafisha kompyuta yake kuu iliyoitwa Ranger, yaani askari wa mbuga, na sehemu ya makabati yake ikapelekwa Afrika Kusini ili igawiwe vyuo vya nchi hiyo, Botswana na Tanzania. Tunawashukuru wote waliotoa. Hata hivyo, zawadi si mpango. Kompyuta kuu hula umeme mchana na usiku, huhitaji ubaridi wa kudumu, na huzeeka kwa miaka michache tu. Asiyetenga fedha za vipuri na za mafundi amenunua kabati la chuma.

Kwa hiyo basi, tunatoa rai kwa wakubwa wanaohusika. Kwanza, mpango uanze kwa maswali ya wananchi: wanyama, mvua, bahari, mbegu na maradhi. Kila chuo kiandike hesabu zipi kinazihitaji, ndipo ukubwa wa mashine ujulikane. Pili, pajengwe kituo kimoja imara cha vyuo vyote, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, badala ya kila chuo kununua kijimashine chake. Mkongo wa Taifa upo. Mwanafunzi wa Butiama na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar watume hesabu zao humo na wapangiwe zamu kwa haki. Tatu, vijana wasomeshwe kazi ya kuitunza mashine kabla haijafika bandarini, na mishahara yao iwe ya kuwafanya wabaki. Nne, bajeti ya umeme na matengenezo ya miaka mitano ipitishwe siku ile ile ya bajeti ya ununuzi. Tano, kila mtafiti apewaye kibali cha kukusanya picha na takwimu hapa nchini aache nakala katika kituo hicho.

Fedha si kisingizio cha kutosha. Mkopo wa dola milioni 425 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu umedhihirisha kuwa fedha hupatikana pale mpango unapokuwa umeandikwa na kueleweka.

Nyumbu wa Serengeti hawahitaji kompyuta kuijua njia yao. Anayeihitaji ni mkulima wa Robanda, pamoja na kijana wake aliyeko chuoni. Tuwape, na jibu lirudi kijijini kwa Kiswahili, kabla tembo hawajafika shambani.