Soko Limo Mfukoni: Uza kwa Akili

Uko kwenye gulio. Umeleta magunia yako matatu ya mahindi. Mnunuzi anayatazama, anatikisa kichwa, halafu anasema, "Bei imeanguka. Dar es Salaam mahindi yamejaa tele." Je, utajuaje kama anasema kweli?

Zamani hukuweza kujua. Leo unaweza. Simu iliyo mfukoni mwako ni mlango wa soko. Lakini mlango ukiwa wazi hupitisha watu wote, wema na wabaya. Mwezi huu tuzungumze namna ya kuutumia mlango huo bila kuibiwa. Nitakueleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili wewe usilifanye.

TULIKOTOKA

Wazee wa Handeni na Korogwe wanakumbuka. Katika miaka ya 1970, Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, ndilo lililonunua mahindi. Bei ilipangwa na Serikali. Mkulima hakuwa na haja ya kuuliza bei ya Dar es Salaam. Aliuliza mambo mawili tu: lori litakuja lini, na fedha zitalipwa lini?

Katikati ya miaka ya 1980, biashara ya nafaka ilianza kufunguliwa. Wafanyabiashara wakaja vijijini na malori yao. Sasa bei ilipanda na kushuka kila wiki. Mwenye lori aliijua, kwa sababu jana alikuwa mjini. Mwenye shamba hakuijua. Kama alitaka kuijua, ilimbidi apande basi. Nauli ya kwenda na kurudi ingeimaliza faida ya gunia zima.

Kwa hiyo mkulima aliuza gizani. Hakuwa mjinga. Alikosa habari.

MASHUSHUSHU WA SOKO

Mwaka 2005 ulianza mradi ulioitwa First Mile. Ulisaidiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD. Ulifanya kazi pamoja na programu ya Serikali ya kuendeleza masoko ya mazao. Programu hiyo ilihusu mikoa minane, na mkoa wetu wa Tanga ulikuwamo.

Wakulima walichagua watu wao wenyewe wa kupeleleza masoko. Watu hao waliitwa mashushushu. Shushushu alikwenda sokoni, akauliza bei, akatazama ni bidhaa gani inatafutwa. Kisha alipiga simu kijijini: "Bei leo ni hii. Msiuze chini ya hapo."

Simu moja iliwafaa watu wengi. Fundisho hilo bado ni la kweli leo. Si lazima kila mtu awe na simu kubwa. Ni lazima kila kikundi kiwe na mtu mmoja mwaminifu wa kuuliza, na wote wasikie jibu.

MAMBO MATATU YALIYOBADILIKA

Tangu wakati huo simu zimeongezeka sana. Mwishoni mwa mwaka 2024, laini za simu nchini Tanzania zilikuwa zaidi ya milioni 80. Pia imekuja intaneti. Intaneti ni mtandao unaounganisha simu na kompyuta za dunia nzima. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Mwaka huohuo ilianzishwa WhatsApp huko Marekani. Kwa WhatsApp watu hutumiana maandishi, sauti na picha.

Kwetu wakulima yamebadilika mambo matatu.

Kwanza, habari ya bei. Ukiwa Kwamsisi au Magoma unaweza kumwuliza mtu aliye Tandale au Buguruni, naye akakujibu kabla chai haijapoa.

Pili, mnunuzi anaiona mali kabla ya kuja. Kijana wa kikundi hupiga picha ya machungwa, akaiweka katika kundi la WhatsApp au kwenye Facebook. Zamani muuzaji wa Kabuku au Segera alipanga machungwa kando ya barabara kuu na kungoja basi lisimame. Leo mtu wa Arusha anaweza kuyaona bila kutoka kwake.

Tatu, fedha zinasafiri. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mitandao mingine nayo ina huduma kama hiyo. Mkulima hana haja ya kutembea na bunda la noti njiani.

Lakini usidhani kwamba dalali ametoweka. Dalali naye ana simu, tena pengine mbili. Yumo katika makundi mengi kuliko wewe. Tofauti ni hii: zamani alikuwa peke yake penye mwanga, na sasa na wewe una taa yako.

BEI YA MJINI SI BEI YA SHAMBANI

Wakulima wengine wakisikia bei ya Dar es Salaam hukasirika. Husema, "Kule ni shilingi 900 kwa kilo, hapa mnanipa 700. Wezi ninyi!" Tusiwe na haraka. Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu.

Bei ya mjini: shilingi 900 kwa kilo.
Usafiri, ushuru, mifuko na wapakiaji: shilingi 150 kwa kilo.
Inabaki: shilingi 750.

Mnunuzi naye lazima apate chochote. Kwa hiyo 700 ni bei ya haki. Lakini akikupa 450, basi anakunyonya. Habari ya bei bila hesabu huleta ugomvi. Habari pamoja na hesabu huleta mapatano.

Sasa tazama jambo la pili. Umepatana vizuri kwa simu: shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100. Mnunuzi anakuja na magunia makubwa, anayashindilia na kuyashonea kilemba juu. Hiyo ni lumbesa. Tuseme kila gunia limebeba kilo 130. Umempa kilo 30 za bure. Kwa shilingi 600 kila kilo, umepoteza shilingi 18,000 kwa gunia moja. Kwa magunia 10 umepoteza shilingi 180,000. Hiyo ni ada, au sare, au bati za nyumba yako.

Simu haipimi mahindi. Mzani ndio unaopima. Lumbesa imekatazwa na sheria. Patana kwa kilo, usipatane kwa gunia. Kikundi kinunue mzani kabla ya kununua simu kubwa.

KOSA LANGU

Sasa nikueleze lile kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasaidia kikundi cha wakulima wa machungwa wilayani Korogwe. Walikuwa wamechoka kuuza machungwa yakiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Nikawashauri tutumie WhatsApp. Tukapiga picha, tukazituma. Baada ya siku mbili mnunuzi akapiga simu. Alikuwa na sauti nzuri na adabu nyingi. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya madalali wote tuliowajua. Tulifurahi.

Alituma nusu ya fedha mapema, na kweli zilifika. Siku ya kuchuma ikaja fuso. Watu walichuma kutwa nzima, wanaume, wanawake na vijana. Jioni fuso lilikuwa limejaa. Dereva alikuwa na haraka, alitaka kuondoka kabla ya usiku. Nusu ya pili ya fedha ilikuwa bado.

Ndipo simu ya katibu ikalia. Ujumbe umeingia. Katibu alinipa mimi niusome, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikasoma kwa sauti: fedha zimepokewa, kiasi fulani, salio jipya ni hili. Watu wakapiga makofi.

Palikuwa na bibi mmoja ambaye alikuwa anasoma darasa la watu wazima. Alikuwa mwanakikundi, na machungwa yake yalikuwa ndani ya fuso. Aliomba aione simu. Akausoma ule ujumbe taratibu, herufi kwa herufi, kidole chake kikifuata mistari. Halafu akauliza, "Bwana Shamba, ule ujumbe wa kwanza ulikuwa na jina la mtandao huku juu. Huu mbona una namba ya mtu?"

Nikamjibu, "Bibi, mambo haya hubadilika mara kwa mara. Usiwe na wasiwasi."

Fuso likaondoka.

Asubuhi katibu alikwenda kwa wakala kutoa fedha. Hazikuwapo. Ujumbe ule haukutoka kwenye mtandao. Uliandikwa na tapeli kwa simu yake, ukafanana na ujumbe wa kweli. Tulipopiga namba ya mnunuzi, haikupatikana tena. Tulikwenda polisi. Dereva alikuwa amekodiwa tu, hakumjua mwenye mzigo. Machungwa yalikuwa yamekwisha kuuzwa.

Nilikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, wewe unasoma upesi. Mimi nasoma polepole, kwa hiyo naona kila kitu."

Tangu siku ile nimeacha kumwambia mtu yeyote kwamba asiwe na wasiwasi.

KUSOMA NI ULINZI

Ndugu msomaji, pengine wewe pia umejifunza kusoma juzijuzi. Usione haya. Kabla hujajua kusoma, ulimpa kijana wa jirani simu yako akusomee ujumbe. Ili akutolee fedha, ulimpa na namba ya siri. Yeye alijua salio lako kuliko wewe. Leo unaweza kusoma mwenyewe. Huo ni ulinzi mkubwa kuliko kufuli.

Usikubali mtu akuharakishe. Tapeli hupenda haraka. Mkulima asome polepole.

KANUNI SABA ZA KUUZA KWA SIMU

1. Tenga kwanza chakula cha nyumbani. Handeni tunaijua njaa ya ukame. Ukiuza gunia la mwisho, miezi michache baadaye utalinunua kwa bei kubwa.

2. Uliza bei kwa watu watatu au zaidi, katika masoko mbalimbali. Mtu mmoja anaweza kukosea, au kukudanganya.

3. Ondoa gharama za njiani, ndipo ujue bei ya haki ya shambani.

4. Uzeni pamoja. Mtu wa magunia matatu hamwiti mwenye lori. Watu thelathini wenye magunia matatu kila mmoja wana magunia tisini. Hao lori litawafuata.

5. Pigeni picha ya mali mliyo nayo kweli. Msipange yaliyo mazuri juu na mabovu chini. Mnunuzi mkimdanganya mara moja, ataandika habari zenu katika makundi yote.

6. Pimeni kwa mzani, na kila mtu aandikiwe kilo zake.

7. Mzigo usiondoke kabla fedha hazijaonekana. Usiamini ujumbe peke yake. Angalia salio lako mwenyewe katika simu, au nenda kwa wakala. Salio halijaongezeka? Basi fuso lingoje, hata kama dereva anapiga honi.

Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote. Hata mtu akisema anatoka kwenye mtandao wa simu, usimpe. Mtu akikuambia, "Nimekosea, nimekutumia fedha, nirudishie," angalia salio kwanza, kisha piga simu kwa mtandao wako. Ujumbe wa utapeli utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na namba ya aliyeutuma. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa, bonyeza *106#. Ukiona laini usiyoijua, toa taarifa.

MWISHO

Kile kikundi cha Korogwe hakikuvunjika. Bado wanatuma picha za machungwa yao, na wamepata wanunuzi wazuri. Lakini sasa wana utaratibu. Siku ya kupakia, watu watatu husoma ujumbe wa malipo, mmoja baada ya mwingine. Halafu huangalia salio. Msomaji wa kwanza ni yule bibi. Mimi husoma mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kijiji chenu anayefaa kuwa shushushu wa soko? Kwa nini?
2. Bei ya mahindi katika soko la karibu ni shilingi ngapi leo? Mmeijuaje?
3. Je, kikundi chenu kina mzani? Kama hamna, mtaupataje?
4. Kama wewe ungekuwa pale fuso lilipokuwa likiondoka, ungefanya nini?