Kwa kompyuta, 9 yaweza kuishinda 120

Vijana wetu wengi siku hizi wanajifunza kuandika programu, na alhamdulillahi, baadhi yao washaanza kutumwa kazi na vikundi vya mitaani: hesabu za chama, michango ya madrasa, rekodi za samaki za BMU. Kuna jambo moja dogo la kujua kabla ya kukabidhiwa hesabu za watu.

Tuchukulie vyombo vitatu vimeshusha samaki dikoni: kilo 9, kilo 85 na kilo 120. Karani ameziandika kwenye faili, na programu ya Python ikizisoma inapata orodha hii: ["9", "85", "120"]. Zile alama za nukuu ndizo zenye mambo. Maana yake ni kwamba kompyuta haioni idadi, inaona maandishi, kama vile imeona jina la mtu. Ukiiambia ijumlishe "9" na "85" kwa alama ya +, haikupi 94. Inayabandika pamoja: "985". Ukiiuliza ni ipi kubwa zaidi, itajibu "9", kwa kuwa maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, kama kamusi, na 9 huja baada ya 8 na 1. Basi nahodha wa kilo 120 anakuwa wa mwisho, wala programu hailalamiki.

Dawa yake ni mstari mmoja, ambapo orodha ya awali tumeiita kilo:

uzito = [float(k) for k in kilo]

Yaani, pitia kila kilichomo, kigeuze kiwe nambari, kisha unda orodha mpya. Kama ni nambari nzima tupu, int yatosha, lakini int("12.5") hukataa, na mizani ya samaki ina nusu na robo.

Shida zaidi iko kwa namna tunavyoandika sisi wenyewe. Ujumbe wa M-Pesa huandika 1,500.00, na Python haiukubali ule mkato. Uondoe kwanza kwa replace(",", ""). Herufi za "Ksh" nazo zitolewe.

Na pale karani alipoweka kistari? Wengi huweka 0 ili programu ipite. Mimi sikubaliani nao. Chombo kilichokwenda kikarudi mikono mitupu si sawa na chombo ambacho siku hiyo hakikupimwa. Ukizichanganya hizo mbili, wastani wa mwezi unashuka bila sababu, na huenda wastani huo ndio utakaotazamwa mvuvi akiomba mkopo wa mashine. Andika None, halafu uiruke unapotafuta wastani.

Nambari za simu nazo usiziguse. Ukizigeuza, ile sufuri ya mwanzo ya 07 inapotea. Simu haijumlishwi na simu, kwa hivyo ziache zibaki maandishi, na za vitambulisho vilevile.