Bawabu wa Programu Yetu

Kila mwanafunzi wa bweni anakijua cheti cha ruhusa. Ukitaka kutoka hapa Mkuyuni kwenda mjini, mwalimu wa zamu hukuandikia cheti, nawe humwonyesha bawabu langoni. Programu ya kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, na mimi nilijifunza jambo hilo kwa aibu.

Muhula uliopita sisi wa chama cha kompyuta tuliandika programu ya kusomea alama za mitihani kwa Java, lugha iliyotolewa mwaka 1995. Yafaa kufahamu kwanza kwamba seva haikumbuki sura ya mtu. Kila ombi huliona kama la mgeni. Kwa hiyo ukiisha kutaja jina na neno la siri, seva hukupa kitambulisho kirefu kisichobahatishika, kiitwacho JSESSIONID, nacho huonyeshwa kwa kila ombi. Muda wa kukitumia ndio kikao.

Siku moja rafiki yangu aliinuka bila kufunga kikao chake. Aliyeketi baada yake alisoma alama zake zote, na jioni bweni zima likajua. Rafiki yangu hakula chakula siku ile. Seva yetu, Tomcat, hukivunja kikao kisichoguswa kwa dakika 30, usipoiagiza vingine. Sasa tumeweka dakika 5, na kitufe cha kutoka hukifuta kikao ndani ya seva yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nilikificha kiungo cha ukurasa wa walimu, nikadhani nimefunga mlango. Mwalimu wetu akaingia kwa jina la mwanafunzi, akaiandika anwani ya ukurasa ule kwa mkono, na ukafunguka! Kumbe kuficha mlango si kuufunga. Sasa tumeweka bawabu anayeuliza kila ombi: Je, una kikao? Je, cheo chako kinaruhusu? Je, alama hizi ni zako? Tena kitambulisho hubadilishwa mtu aingiapo, ili aliyekijua cha zamani asifaidike nacho.

Wazazi wetu, huu si mchezo wa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawataka wanaotunza habari za watu wazilinde. Nasi wanafunzi tusiinuke kitini kabla ya kufunga kikao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne