Kabla Hujalipia Msimu wa Ngoma na Tarumbeta

Wazazi wengi wa kwetu huku Marekani hukutana na jambo hili mtoto akiwa miaka ya mwisho ya sekondari. Amepiga tarumbeta au ngoma katika bendi ya shule, mwalimu kamsifu, na sasa anataka kwenda kufanya usaili wa kikosi kinachozunguka nchi kiangazi kizima. Ada ni dola elfu kadhaa. Atalala sakafuni, atasafiri usiku kwa basi, na hatalipwa hata senti. Mzazi aliyekulia Tanga au Bujumbura huuliza: kwani huu ni mchezo gani wa kumlipia mtu akateseke?

Swali ni la haki, na brosha za vikosi hazilijibu. Zinaonyesha sare na vikombe. Mimi naamini mzazi anapaswa kujua kwanza fedha zinatoka wapi na zinakwenda wapi, kwa sababu hapo ndipo usalama wa mtoto unapoamuliwa.

Wenyewe huviita drum corps. Ni vikosi vya vijana wanaopiga ala za shaba na ngoma huku wakitembea kwa mipangilio uwanjani, pamoja na wenzao wanaorusha bendera, bunduki za mbao na mapanga ya maonyesho. Filimbi na saksafoni hazimo. Onyesho huchukua kama dakika 12, na waamuzi hutoa alama kwa mia: 40 za mvuto wa jumla, 30 za mwonekano, 30 za muziki. Kwa kawaida mwisho wa umri ni miaka 21, na kikosi cha daraja la juu kinaruhusiwa vijana hadi 165. Mashindano makubwa huendeshwa na Drum Corps International, yaani DCI, yenye makao Indianapolis, na fainali hufanyika huko huko kila Agosti katika uwanja wa Lucas Oil.

Mtu wa pwani hana haja ya kushangaa sana. Wazee wetu walikuwa na beni: Kingi na Scotchi kule Mombasa na Lamu, Marini na Arinoti Tanganyika. Walishindana kwa sare, ala, gwaride na karamu, na walitumia fedha nyingi wasizokuwa nazo. Ushindani wa namna hii umekuwa ghali tangu zamani.

Vikosi vya Marekani vilizaliwa parokiani na kwenye matawi ya maveterani wa vita. The Cadets, kwa mfano, walianza 1934 katika parokia ya Holy Name mjini Garfield, New Jersey. Kwa miaka mingi mashindano yalikuwa chini ya American Legion na VFW, vyama vya maveterani, ambavyo ndivyo vilivyopanga sheria na zawadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa vikosi, wakiwemo Don Warren wa Cavaliers wa Chicago na Jim Jones wa Troopers wa Casper, Wyoming, walichoka na utaratibu huo. Wakaunda DCI, na ubingwa wa kwanza ukafanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin.

Uhuru huo ulikuja na bili yake. Kikosi kilichokuwa kikishindana na jirani wa mji wa pili sasa kilihitaji mabasi ya kuvuka majimbo, lori la vyombo, jiko linalotembea na watu wa kuviendesha vyote. Parokia haikuiweza gharama hiyo. Miaka ya 1970 vikosi vilikuwa mamia nchini. Leo vya daraja la juu ni kama 20.

Sasa tuje kwenye ada. Msimu mmoja huanzia kama dola 3,000, na kwenye vikosi vya juu hupita 5,000. Humo hakumo nauli ya ndege ya kwenda kambi za wikiendi wakati wa baridi, wala viatu, glavu na vipimo vya daktari. Ukiona tarakimu hiyo utadhani kuna mtu anatajirika. Kwa kawaida hakuna, kwa sababu ada yenyewe haifiki hata mwisho wa msimu. Bajeti ya kikosi kikubwa hupita dola milioni 1, na kuna vinavyopita milioni 2. Kuna dizeli, kukodi mabasi, bima, chakula, walimu, sare, na haki za muziki ambazo wenyewe lazima walipwe. Tena sheria za mashindano zimeongeza mzigo: vipaza sauti viliruhusiwa 2004, kinanda cha kielektroniki 2009, na sasa majukwaa ya kusukuma na mapambo makubwa ni jambo la kawaida. Kila kitu kipya kinachopanda uwanjani kinataka trela ya kukibeba, jenereta ya kukiwasha na mikono ya kukishusha. Naipenda sanaa hii kwa dhati, lakini mbio hizo za mapambo zinakula fedha ambazo zingemlipa nesi.

Pengo la ada huzibwa kwa njia nyingi. Wafadhili hutoa michango, na waandaaji wa maonyesho hulipa vikosi vilivyocheza. Fulana huuzwa getini. Ala za shaba huchukuliwa mpya kwa mpango na kiwanda, zikapigwa msimu mmoja, kisha zikauzwa kwa shule kwa bei nafuu. Na kuna bingo. Blue Devils wa Concord, California, ambao wana vikombe zaidi ya 20 vya DCI, na majirani zao Santa Clara Vanguard, wamejengwa kwa miaka mingi na mapato ya kumbi za bingo.

Habari ya hao Vanguard ingefaa kusomwa na kila mzazi. Kikosi kilianzishwa 1967, kikachukua ubingwa wa DCI mara 7, wa mwisho ukiwa 2018. Mwishoni mwa 2022 kikatangaza kwamba msimu wa 2023 hakitatoka kwa sababu ya hali ya fedha. Miaka michache tu kutoka kileleni hadi kuegesha mabasi. Walirudi 2024, jambo la kushukuru. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kikombe kabatini hakimwonyeshi mzazi daftari likoje.

Kuna mambo pia ambayo hakuna kiongozi anayeyazuia. Msimu wa 2020 ulifutwa wote kwa UVIKO-19, na vikosi vilikaa bila mapato huku maghala yakidai kodi. Juni 2022, vikosi vikiwa ndiyo kwanza vinaingia barabarani kwa msimu kamili, dizeli ilipita dola 5 kwa galoni.

Siku yenyewe ya msafara iko hivi. Onyesho linaisha saa nne au saa tano usiku. Vijana wanavua sare, wanapakia ngoma, wanakula mlo wa nne kando ya lori la jiko, wanapanda basi. Saa kumi alfajiri basi linaingia katika shule ya sekondari kwenye mji mwingine. Kila mmoja anashuka na mto na godoro la kujaza hewa, taa za ukumbi wa mpira wa kikapu zikiwa zimezimwa nusu, na ndani ya dakika chache sakafu nzima imejaa watu waliolala. Asubuhi kabla jua halijakolea mazoezi yanaanza tena.

Nimewahi kujitolea kwenye lori la jiko la kikosi kimoja, na kazi ile ndiyo iliyonifumbua macho. Ni trela ndefu yenye majiko ya gesi na majokofu, meza za kukunja zimepangwa nje, na wazazi wanakata vitunguu wakiwa na taa za kichwani. Ukijumlisha vijana, walimu, madereva na wasaidizi, unalisha watu zaidi ya 200 mara nne kwa siku. Ni sahani 800 na kitu, kesho tena, kesho kutwa tena. Mayai yanayeyuka kama maji. Karibu wote waliokuwa pale hawakulipwa. Walichukua likizo zao za kazi. Wakikosekana, kikosi hakina fedha za kuajiri wapishi badala yao. Kwa familia za Kiislamu, swali la nyama halali liulizwe mapema kwa mkuu wa jiko, tena kwa simu, kwa kuwa ratiba ya manunuzi hupangwa kabla ya msafara kuondoka.

Kitu cha kuogopwa zaidi ni barabara. Sheria ya shirikisho inamruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha saa 10 tu baada ya kupumzika saa 8 mfululizo, na akishatimiza saa 15 kazini haruhusiwi kushika usukani. Dereva wa lori la mizigo ana saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10. Safari ndefu kupita hapo inadai dereva wa pili, na dereva wa pili ni gharama. Kikosi chenye fedha hukodi mabasi ya kampuni zenye rekodi nzuri na huweka madereva wa kupokezana. Kikosi kilichobanwa hushawishika kumtegemea mtu wa kujitolea aliyeshinda mchana kutwa uwanjani akavute trela usiku. Mtu huyo ana nia njema kabisa, lakini usingizi haujali nia.

Joto nalo. Kambi ya mwisho ya mazoezi huanza Mei, saa 12 kwa siku, mara nyingi katika majimbo ya kusini. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto, kwa hiyo kikosi makini huanza taratibu na hupima joto pamoja na unyevu, jua na upepo, badala ya kutazama simu tu. Mwenye tuba begani anabeba zaidi ya kilo 10 huku akikimbia kwa hatua za kupimwa. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, huenda ni kiharusi cha joto, na kanuni ya madaktari wa michezo ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Maana yake ni beseni kubwa la maji ya barafu lililo tayari pembeni ya uwanja na mtu anayejua kulitumia. Maji ya kunywa peke yake hayatoshi. Kunywa mengi mno bila chumvi nako kunaweza kuua.

Masikio husahaulika kabisa. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanapendekeza sauti isizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unapungua nusu. Kufikia 100 umebaki na dakika 15. Safu ya ngoma inapita hapo kwa urahisi. Vizibo vya masikio ni dola chache.

Halafu kuna usalama ambao familia zetu huona aibu kuutaja. Mtoto wa miaka 16 anaishi wiki nane au kumi na vijana wa miaka 21 na walimu wenye mamlaka juu ya nafasi yake, mbali na nyumbani, amechoka, na anatamani kusifiwa. Aprili 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer liliandika kuhusu wanawake tisa waliomtuhumu mkurugenzi wa The Cadets kwa unyanyasaji wa kingono uliodaiwa kufanyika kwa miongo kadhaa, na mkurugenzi huyo akajiuzulu. Baadaye ikaja kesi iliyohusu madai ya miaka ya 1980. Kikosi hicho, chenye vikombe 10 vya DCI na historia ya tangu 1934, hakikuingia uwanjani 2024, na shirika lake likaomba kufilisika mwaka huo huo. Wapo wanaosema kesi ndiyo iliyokiua kikosi. Sikubaliani nao. Kilichokiua ni miaka ya watu wazima kunyamaza, na gharama ya ukimya ule ikaja kulipwa na vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Tangu 2018 DCI na vikosi vimeimarisha kanuni za maadili, uchunguzi wa rekodi za watumishi na njia za kuripoti. Ni hatua njema, ila kanuni inalindwa na bodi, na bodi ni watu. Kama mwenyekiti ni rafiki wa mkurugenzi na mweka hazina ni mkewe, malalamiko ya mtoto wako yatapelekwa wapi?

Wazazi wenzangu, vikosi hivi karibu vyote ni mashirika yasiyo ya faida, na taarifa zao za kodi, fomu 990, zinasomwa na yeyote bure mtandaoni. Tazameni miaka mitatu mfululizo: mapato na matumizi, deni, majina ya bodi, mshahara wa mkurugenzi. Kisha iulizeni ofisi ni nani anayeendesha mabasi na malori na kwa saa ngapi. Ulizeni nesi au mtaalamu wa tiba ya michezo yupo msafara mzima au anakuja wikiendi tu, na mtoto akiripoti jambo, nani asiye mwajiriwa wa kikosi anaipokea ripoti hiyo. Ulizeni kama kuna ufadhili wa ada, kwani mara nyingi upo na watoto wetu hawauombi. Muhimu pia: kikosi kisipoingia uwanjani, ada inarudishwa? Shirika likifilisika, anayedai ada hukaa kwenye foleni ya wadai na mara nyingi hupata kidogo sana au hapati kitu.

Mtoto akipata kikosi chenye majibu mazuri, mruhusuni, na mkiweza nendeni mkajitolee jikoni. Nafasi ipo siku zote. Kambi za usaili huanza Novemba na Desemba. Andikeni barua pepe kabla ya hapo, na mkikosa jibu la maandishi kuhusu madereva na uchunguzi wa watumishi, msilipe amana.